Shaba Itokayo Majini

Wahunzi wa Buha wa zamani walipata chuma kwa moto, makaa na mivukuto; na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu wa Katanga walipata shaba kwa njia iyo hiyo, wakaisubu iwe misalaba ya biashara. Kazi hiyo ilikula miti mingi.

Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, karibu na Likasi, kilianza njia nyingine. Mawe yalisagwa, yakalowekwa katika asidi ya salfa; shaba ikayeyuka, maji yakawa ya buluu. Maji hayo ni ya mrututu, ule ule wa madukani. Ndani yake yalitumbukizwa mabamba, la risasi upande wa chanya na la shaba upande wa hasi, ukapitishwa umeme. Msidhani ni uganga! Kila chembe ya shaba iliyomo majini imepungukiwa na elektroni mbili. Huvutwa kwenye bamba la hasi, huzipokea, hurudi kuwa shaba tupu, ikaganda papo hapo. Baada ya siku kadha bamba jembamba huwa zito.

Hata msumari safi ukitiwa katika maji ya mrututu, bila umeme, huvaa shaba, kwa kuwa chuma chenyewe hutoa elektroni zake na kuyeyuka. Lakini shaba hiyo ni utando tu. Hubanduka kwa kidole.