Sumaku, mota na kijito: historia ya stima ndogo ya maji

Wengi mnaonisoma mmezoea habari za programu na kompyuta. Leo nivumilieni kidogo, nataka kuongea juu ya maji, sumaku na waya wa shaba. Kuna swali ambalo vijana wa pande za mlimani huniuliza kila wakiniona na kompyuta, kana kwamba chochote kinachotumia stima ni kazi yangu. Tukitaka kutega kijito chetu tupate stima, je, tununue zile sumaku kali kutoka Uchina tujitengenezee jenereta, au tuchukue mota ya kawaida tuizungushe kwa maji? Swali ni la pesa, lakini jibu lake limejificha ndani ya historia ya miaka karibu 200.

Tuanze na kitu mnachokijua. Dainamo ya baiskeli, ile ya Black Mamba iliyokuwa ikisugua tairi na kumfanya mwendeshaji ahisi kana kwamba anapanda mlima, ina sumaku inayozunguka na koili ya waya iliyotulia. Volti 6, wati 3, basi. Hakuna betri ya kuiamsha wala brashi za kaboni za kuisha. Cha kuchekesha ni kwamba neno lenyewe, dainamo, lilipoanza lilikuwa jina la mashine iliyokuja kuondoa sumaku.

Maana sumaku ndiyo ilikuwa ya kwanza. Michael Faraday alipozungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kule London mwaka 1831, hiyo ilikuwa jenereta ya sumaku ya kudumu. Mwaka uliofuata Hippolyte Pixii wa Paris akatengeneza mashine ya kuzungushwa kwa mkono, nayo pia ya sumaku. Kufikia 1858, Frederick Hale Holmes aliwasha taa ya mnara wa kuongozea meli wa South Foreland, Uingereza, kwa mashine ya sumaku iliyoendeshwa na injini ya mvuke. Faraday mwenyewe, akiwa mshauri wa shirika la minara hiyo, alikwenda kuikagua. Hebu fikiria, mtu anagundua jambo maabara, halafu uzeeni anapanda mnara kuliona likifanya kazi.

Shida ilikuwa sumaku zenyewe. Sumaku za wakati ule zilikuwa vipande vya chuma cha pua kilichokazwa kwa moto, dhaifu, na zilizidi kufifia kwa kugongwa na kupata joto. Ili upate nguvu ya maana ulihitaji nyingi, na mashine ikawa zigo la chuma. Ndipo kati ya 1866 na 1867 watu kadhaa, kila mmoja kivyake, wakiwemo Varley, Wheatstone na Werner von Siemens, wakafikia ujanja mmoja. Chuma cha kawaida kikishawahi kupitishwa stima hubaki na usumaku kidogo sana. Zungusha mashine, usumaku huo mdogo uzae stima ndogo, stima hiyo uirudishe kwenye koili zilizozunguka chuma, usumaku uongezeke, stima iongezeke, hivyo hivyo mpaka mashine ipate nguvu kamili. Waandishi wa programu mtaitambua hii mara moja, ni kitanzi kinachojilisha chenyewe. Sumaku ya kudumu ikawekwa kando.

Sasa angalia tarehe. Stima ya maji ilikuja baada ya hapo. William Armstrong aliwasha taa nyumbani kwake Cragside kwa maji ya bwawa mwaka 1878. Mji mdogo wa Godalming uliwasha taa za barabarani kwa gurudumu la mto Wey mwaka 1881. Appleton, Wisconsin, kule Marekani, ukafuata tarehe 30 Septemba 1882 na mtambo wa kilowati 12.5 hivi, ambapo mhudumu alikisia volti kwa kutazama mwanga wa taa kwa macho. Kwa hiyo stima ya maji ilizaliwa ndogo, na ilizaliwa mikononi mwa mashine zisizo na sumaku ya kudumu. Vitabu, shule za ufundi na viwanda vilijengwa juu ya msingi huo. Hata huku kwetu, mitambo midogo ya enzi za ukoloni kama Ndula kwenye mto Thika, au Sosiani karibu na Eldoret, ilifuata njia hiyo hiyo.

Sumaku hazikufa. Zilikimbilia kwenye vitu vidogo: simu za kuzungusha kwa mkono, magneto za kuwasha injini, dainamo za baiskeli. Bodaboda iliyosimama hapo nje inayo magneto yake mpaka leo, sumaku zimebandikwa ndani ya gurudumu linalozunguka koili. Wakati huo huo watu wa madini walikuwa kazini. Kotaro Honda wa Japani alitoa chuma cha KS mwaka 1917, mwenzake Mishima akatoa cha aloi ya nikeli na alumini mwaka 1931, feraiti za bei rahisi zikaja miaka ya 1950, samariamu na kobalti miaka ya 1960. Kisha kati ya 1983 na 1984 Masato Sagawa wa Japani, na John Croat wa Marekani kwa njia yake, wakatangaza sumaku za neodimiamu, chuma na boroni. Feraiti hutoa takriban tesla 0.4, neodimiamu hupita 1.2. Kipande kama kiberiti kikikubana kidole utalia.

Hapa lazima niingie kwenye hesabu kidogo, ndipo ionekane kwa nini mtu wa kijito anajali. Ili upate stima ya hezi 50, chukua 6000 ugawe kwa idadi ya ncha za sumaku, utapata mizunguko kwa dakika. Ncha 4 ni mizunguko 1500. Ncha 20 ni 300. Gurudumu la maji kwa kawaida ni la polepole, kwa hiyo ama ufunge mshipi na puli za kuongeza mwendo, ambazo huteleza na kukatika, ama uongeze ncha. Kwa mashine ya koili, kila ncha inataka shaba yake na nafasi yake, na jenereta ndogo hujaa upesi. Sumaku haitaki shaba. Unabandika 16 au 20 kuzunguka sahani na kazi imekwisha. Hugh Piggott wa Scoraig, rasi ya Scotland isiyo na laini ya stima, alianza kutengeneza mashine za upepo kwa ngoma za breki za magari na baadaye akachora ile ya sahani mbili za chuma zenye sumaku zinazotazamana, katikati koili zilizomwagiwa gundi ya plastiki. Fundi yeyote wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuiunda. Na ukiitazama vizuri, ni sahani ya Faraday imerudi.

Lakini huku kwetu hadithi ilichukua njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1994 Nigel Smith, mhandisi wa Uingereza, alichapisha kitabu cha kutumia mota za kawaida kama jenereta kwa mitambo midogo ya maji. Mota ya induksheni, ile ya pampu na mashine za kusaga, haina sumaku wala brashi. Izungushe kwa maji, ifungie kapasita, na usumaku mdogo uliobaki ndani ya chuma chake utaanza kitanzi kile kile cha 1867. Mwaka 2001 timu ya chuo cha Nottingham Trent aliyokuwamo Smith ilijenga na wanakijiji mitambo miwili Kirinyaga. Kathamba, maji huanguka mita 28, lita 8.4 kwa sekunde, yakapiga gurudumu la Pelton, kilowati 1.1 kwa nyumba 65. Thima, mita 18, lita 28 kwa sekunde, pampu ya kawaida iliyozungushwa kinyume, kilowati 2.2 kwa nyumba 110. Gawanya mwenyewe: wati 17 kwa nyumba Kathamba, 20 Thima. Hizo ni taa na redio, lakini ni taa za watu waliokuwa wakinunua mafuta ya taa.

Kilichowezesha hayo ni kisanduku cha elektroniki. Zamani mtambo wa maji ulihitaji gavana (si huyu wa kaunti, ni kama zile za matatu za sheria za Michuki mwaka 2004) ya kufungua na kufunga maji kadiri watu wanavyowasha taa, na gavana iligharimu pesa nyingi. Kontrola ya kisasa huyaacha maji yaje yote, halafu stima isiyotumika inaimwaga kwenye hita. Watu wakizima taa, hita inapokea. Ni mistari michache ya mantiki badala ya mtambo mzima wa chuma na mafuta.

Sasa, je, Kathamba ingekuwa na sumaku? Mota ndogo ya namna hiyo hupoteza robo ya nguvu au zaidi, jenereta nzuri ya sumaku hupoteza kidogo kuliko hapo. Kwa makadirio yangu ingeongeza kama wati 200, yaani nyumba 12 hivi. Nyumba 12 si mchezo. Ila kwa anguko la mita 28, gurudumu la Pelton la sentimita 20 huzunguka karibu mara 1000 kwa dakika, mwendo ambao mota ya ncha 6 inaupokea moja kwa moja bila mshipi. Faida kubwa ya sumaku, ya mwendo wa polepole, hapo haipo.

Na kuna usiku wa matatizo. Waya ukianguka ukapiga shoti, mota ya induksheni hupoteza usumaku na kulala. Asubuhi unaiamsha, pengine kwa kuigusisha betri. Sumaku haijui kulala. Ni kama thamani uliyoiandika moja kwa moja ndani ya programu, huwezi kuibadilisha programu ikiwa inakimbia. Maji yakija inaendelea kusukuma stima kwenye shoti mpaka koili iungue au mtu akimbie kufunga maji. Zaidi ya nyuzi 80 hivi za joto, neodimiamu ya kawaida huanza kupoteza nguvu isirudi tena. Kule Vietnam, ambako makumi ya maelfu ya familia ziliwahi kuweka vimashine vya sumaku vya wati 200 hadi 1000 kwenye vijito, malalamiko makubwa yalikuwa volti kupanda na kushuka na balbu kuungua. Isitoshe, sumaku nyingi zinatoka nchi moja. Uchina ilipopunguza mauzo yake mwaka 2010 bei zilipaa, na Aprili 2025 iliweka tena masharti, yakiwemo ya madini yanayozipa sumaku uwezo wa kuvumilia joto. Mota utaipata dukani Karatina, na wa kuisuka upya yupo.

Wati 20 kwa nyumba siku hizi ni kazi ya sola ya kulipia kwa simu, iliyoanza kuenea hapa tangu 2012, na hilo siwezi kulificha. Anayetega kijito leo anataka kitu ambacho sola ndogo haitoi: mashine ya posho, ya kuchomelea, ya kuku. Kama anguko lako ni refu na mnagawana laini kijiji kizima, mimi ningefunga mota. Kama ni gurudumu la polepole la mtu mmoja, linalochaji betri kupitia kontrola yake, chukua sumaku. Lakini kabla hujalipa, muulize fundi itatoa volti ngapi maji yakiwa yote na hakuna taa hata moja iliyowashwa. Gurudumu lisilo na mzigo hukimbia karibu mara mbili ya mwendo wake, na sumaku hufuata, kwa hiyo mashine ya volti 230 inaweza kukupa 400 na zaidi. Nunua kontrola inayoweza kuzibeba, na valvu ya kufunga maji iweke mahali utakapoifikia gizani.