Nzamba Kitonga: Wakili wa Ukambani aliyeongoza mahakama ya Comesa

Wakenya wanapomtaja marehemu Nzamba Kitonga, humkumbuka kwanza kwa Katiba. Ni nadra kutajwa kwamba wakili huyo, mzaliwa wa Mutito, Kitui, aliwahi pia kuwa Rais wa Mahakama ya Haki ya Comesa, inayoamua mizozo katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Kitonga alizaliwa 1956 na kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliongoza Chama cha Mawakili Kenya (LSK) kuanzia 1997 hadi 1999. Mwaka wa 2009, akiwa tayari Rais wa mahakama ya Comesa, aliteuliwa mwenyekiti wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu ya Katiba. Wapigakura waliiidhinisha Agosti 4, 2010. Jaji Lombe Chibesakunda wa Zambia alichukua urais wa mahakama hiyo mnamo 2015. Kitonga alifariki Oktoba 24, 2020.

Mahakama hiyo iliundwa na mkataba uliotiwa saini Kampala mnamo 1993, na majaji wake wa kwanza waliteuliwa 1998. Rais wa kwanza alikuwa Akilano Akiwumi, Jaji wa Rufaa nchini Kenya. Mnamo 2005 iligawanywa katika vitengo viwili: kile cha kusikiliza kesi mara ya kwanza, na kile cha rufaa.

Umuhimu wa chombo hicho hueleweka vyema Wamunyu, Kaunti ya Machakos, kwenye barabara ya kwenda Kitui. Mji huo ni maarufu kwa vinyago tangu Mutisya Munge aliporejea na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchongaji anayetegemea wateja wa nje hana kauli juu ya ushuru unaotozwa katika forodha ya nchi nyingine. Hata hivyo, Kifungu cha 26 cha mkataba humruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, kuishtaki serikali inayokiuka mkataba, mradi kwanza amemaliza njia zote katika mahakama za nchi husika.

Haki hiyo ilidhihirika Kitonga akiwa Rais. Kampuni ya Polytol Paints ilipinga ushuru wa asilimia 40 ambao Mauritius iliweka mwaka wa 2001 kwa rangi kutoka Misri, ilhali nchi zote mbili zilikuwa katika eneo la biashara huru lililoanza 2000. Mahakama ya Juu ya Mauritius iliikatalia, ikisema mkataba haukuwa sehemu ya sheria za nchi. Agosti 2013 kitengo cha kwanza cha mahakama ya Comesa kiliamua kwamba Mauritius ilikiuka mkataba.

Tangu ushuru uwekwe hadi hukumu itolewe, ilipita miaka 12. Kampuni ilimudu kungoja; mchongaji mmoja wa vinyago hawezi kwa urahisi.