Karai la Babu

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa karai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Neville Chittick, Mwingereza aliyeongoza Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika, alipoanza kuchimba Kilwa Kisiwani, babu alikuwa miongoni mwa vijana walioajiriwa kufyeka vichaka, kubeba udongo na kuuchekecha. Alibeba udongo wa Husuni Kubwa, jumba lililo ukingoni mwa mwamba likitazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sisi wajukuu tulicheza ndani ya birika lile kabla ya kujua kwamba aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331.

Babu hakusoma. Lakini aliijua sakafu ya chokaa kwa sauti ya mwiko kabla haijaonekana, na alituambia kuwa udongo ukibadilika rangi, mkono usimame. Nilipomwendea kumuaga na kumwambia kwamba naacha kufundisha historia sekondari ili nikasome shahada ya uzamili ya akiolojia, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, unakwenda kusomea kuchimba, au unakwenda kusomea kujibu?"

Sikuwa na jibu. Nililitafuta kwenye historia ya kazi yenyewe.

Kila mtoto wa Kisiwani amesimuliwa habari za mtoto wa mfalme aliyetoka Shirazi kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Hadithi hiyo imo katika tarikh ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya mji, na wachimbaji wa kwanza walishuka ufukweni wakiwa nayo kichwani. Chittick alichimba hadi katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1974 akachapisha ripoti ya majuzuu mawili kwa Kiingereza. Ni kazi kubwa, na nasema hivyo kwa heshima zote. Sarafu alizozifukua zilimfanya auvute mwanzo wa utawala wa Washirazi kutoka karne ya 10 hadi karibu na mwaka 1200. Huko ni kukisahihisha kitabu kwa jembe, na si wengi wanaothubutu.

Ila swali lake lilikuwa: walitoka wapi hao waliojenga? Mwenye kuuliza hivyo huinua kwanza kauri ya China na vyombo vya Uajemi vyenye mng'aro, maana ndivyo vinavyomwambia tarehe na safari za bahari. Chini, kwenye matabaka ya mwanzo kabisa, kulikuwa na vigae vingine, vya udongo mtupu, vyungu vya kupikia vilivyochanjwa michoro shingoni. Chittick aliviita vyombo vya jikoni. Alivihesabu, akavichora, akavipa nafasi yake kitabuni, lakini hakuvipa nafasi ya kujibu swali lake. Nilipofika ukurasa huo nikiwa mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikifunga kitabu nikamkumbuka bibi. Michoro ile si ya chungu chake, miaka zaidi ya elfu imepita, lakini jikoni ni jikoni. Hakuna mji ulioanza bila mtu kuinjika chungu.

Miaka ya 1980 swali liligeuzwa. Kule Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine ikipandana, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8, katikati ya watu waliotumia vyungu vya namna ileile. Waislamu walikuwepo, biashara ya bahari ilikuwepo, na mji ulikuwa bado wa udongo na makuti. Majumba ya mawe yalikuja baadaye, mji ukiwa umeshakuwa mji.

Halafu akaja mwanaakiolojia Mtanzania, Felix Chami. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha akiolojia mwaka 1985, ndani ya Idara ya Historia. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kusomea fani hii alipanda ndege. Chami mwenyewe alitetea tasnifu yake ya uzamivu nje ya nchi, Uppsala, Sweden, mwaka 1994, na mada yake ilikuwa vigae vile vile: vyungu vyenye michoro ya pembetatu. Alivifuata pwani, akavifuata na bara, kwa wakulima na wafua chuma, akaonyesha kwamba walioanzisha makazi ya pwani hawakushuka jahazini. Wapo wanaobishana naye kwenye mengi, na mabishano hayo yana faida. Lakini vyombo vya jikoni vimekuwa ushahidi mkuu, na havikubadilika hata kidogo tangu vilipotoka kwenye karai. Kilichobadilika ni muulizaji.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la babu, na hapo ndipo ninapomsimamisha kila kijana anayeniuliza achague shahada ipi. Jicho la kuona kitu ardhini halitolewi na chuo. Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, hakuwa na shahada mwaka 1984 alipoona kipande cha fuvu penye changarawe karibu na Ziwa Turkana, kikawa mwanzo wa kukipata kile kiunzi cha mifupa kilicho karibu kamili cha kijana wa Nariokotome, chenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Chuo kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima mwaka 2021, na mwaka uliofuata akafariki. Jicho alikuwa nalo miaka yote hiyo. Shahada ya uzamili hukupa kitu kingine: ruhusa ya kuandika swali lako mwenyewe juu ya kibali cha kuchimba.

Kwa hiyo mimi nilianza na swali, chuo kikafuata. Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa mifupa na vinasaba. Njia hii ina nguvu: mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani yake, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800, ukaonyesha ukoo wa Kiafrika ulioingia zaidi kupitia kina mama na ukoo wa Kiajemi ulioingia zaidi kupitia kina baba. Hadithi ya Shirazi haikuwa uongo mtupu, na vyungu vya jikoni navyo havikusema uongo. Lakini kazi hiyo inahitaji maabara zilizo mbali, na mimi nilitaka kukaa karibu na shimo. Ya pili ilikuwa usimamizi wa urithi, na kwa mtu wa Kilwa si njia ya kudharau: magofu yetu yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014, na mtu aliyefunzwa kutunza ukuta wa matumbawe usilambwe na bahari ana kazi ya maisha. Ya tatu ilikuwa vigae.

Nilichagua vigae, hapa hapa Mlimani. Ofisi moja ya ufadhili ilikaa na barua yangu mwaka mzima bila kunijibu, nikauza mashamba mawili ya mikorosho niliyorithi. Sijuti. Msimamizi wangu alinikabidhi masanduku ya vigae visivyo na mng'aro akaniambia nianze kuhesabu.

Basi wewe unayejaza fomu mwaka huu, usianze na jina la chuo. Andika swali lako kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, umsomee mtu aliyewahi kushika karai. Uliza vitu utakavyochimba vitahifadhiwa wapi na ripoti itasomwa na nani. Fanya msimu mmoja shimoni kabla ya kulipa ada, jua likikuchoma mgongo. Na ukienda Kisiwani, wazee waliobeba udongo wa Husuni Kubwa wamebaki wachache sana. Wawahi.