Neno la Leo: Mikoko

Anayeshuka gatini Mtangawanda, kisiwani Pate, hulakiwa na mikoko. Neno hili moja limekusanya miti isiyo ya ukoo mmoja. Kwa wanabiolojia, mkoko wenyewe, mkandaa na muia ni familia moja; mchu na mlilana kila mmoja una familia yake. Kinachoikutanisha ni maji ya chumvi, si nasaba. Juu ya familia iko himaya, nayo ni moja kwa yote: mimea. Juu ya himaya, mwanabiolojia Carl Woese na wenzake waliweka mwaka 1990 domeni tatu: bakteria, akea (viumbe wa seli moja wasio bakteria) na yukaria, ambamo mimea imo. Tope la mikokoni lina viumbe wa domeni zote tatu. Tuwafundishe watoto jina la kila mti. Uainishaji huanzia hapo.