Kumbukumbu si Hifadhi

Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows XP, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliohitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 64. Windows Vista, uliotolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, ulihitaji megabaiti 512, yaani mara nane. Kompyuta nyingi zilizobadilishiwa mfumo zikawa nzito, kwani kumbukumbu ilipojaa, data zilihamishiwa kwenye diski, ambako husomwa polepole zaidi.

Hapo ndipo istilahi hupimwa. Iwapo diski nayo itaitwa kumbukumbu, mtu aliyeshauriwa kuongeza kumbukumbu atayafuta mafaili yake bila faida. Kwa hiyo yafaa diski iitwe hifadhi, na neno kumbukumbu libakie kwa ile inayofutika umeme ukatikapo.