Soma muhuri wa paleti kabla ya kuunda kigoda

MBAO mpya ni ghali, na marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018 iliwakumbusha mafundi wa jua kali kwamba msitu si ghala lisilokwisha. Ilhali paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobebea shehena, aghalabu huishia mekoni kama kuni. Zikiunganishwa na masalio ya vitambaa, huzaa kigoda imara. Hata hivyo, si kila paleti inayofaa kuingizwa nyumbani.

Kwanza utafutwe muhuri ubavuni. Hupigwa kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ISPM 15, iliyopitishwa mwaka wa 2002 ili kuzuia wadudu waharibifu kusafiri ndani ya mbao. Herufi HT humaanisha mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Hizo ni salama. MB huashiria zilifukizwa methili bromaidi, gesi yenye sumu. Ziachwe, hata zikitolewa bure. Vilevile ziepukwe zenye madoa au harufu ya dawa, kwani muhuri hausemi lolote kuhusu shehena iliyozimwagikia baadaye.

Kubandua ndiko huwashinda wengi. Misumari ya paleti mara nyingi ina mikunjo kama ya parafujo, hivyo ubao ukivutwa kwa mtaimbo hupasuka. Ni heri kupenyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na mhimili, misumari ikatwe, kisha vichwa vyake visukumwe nje kabla ya kupiga randa. Fundi avae barakoa: mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya maradhi hayo.

Kikalio hakihitaji sponji. Suruali kuukuu za jinzi hukatwa vipande virefu vya upana wa inchi mbili hivi, kwa kufuata uzi wa urefu, kisha husukwa kwenye fremu mithili ya kitanda cha kamba cha Pwani. Fulana hazifai, hunyumbuka, na mwenye kuketi hujikuta akikaribia sakafu. Nailoni na polista nazo huyeyuka zikishika moto, jambo lisilo la mzaha katika nyumba inayopikia jiko la makaa. Ncha zifungwe mafundo upande wa chini, bila misumari, ili msuko ukilegea ufunguliwe na kukazwa upya.