Maji ndani ya tairi: historia ya uzito wa trekta na fundisho lake kwa Ituri

BUNIA – Trekta likishindwa kuvuta plau, wengi husema mara moja kwamba mota ni dhaifu. Mara nyingi mota haina kosa. Magurudumu ya nyuma yanazunguka, udongo unachimbika, mazutu inaungua, na trekta halisongi mbele. Kinachokosekana ni uzito wa kukandamiza tairi kwenye ardhi. Dawa ya bei ndogo kuliko zote ni kutia maji ndani ya tairi.

Jambo hilo linatuhusu hapa Ituri. Tangu machafuko yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, hasa katika eneo la Djugu, familia nyingi zilikimbia mashamba yao na nyingine zilipoteza ng'ombe. Anayerudi anakuta shamba limegeuka pori, na mikono ya kulima imepungua. Trekta la kukodi linaweza kumwokoa, lakini trekta linaloteleza linamla mazutu, na mazutu si bure.

Kutoka chuma hadi mpira

Matrekta ya kwanza yalikuwa na magurudumu ya chuma yenye meno. Meno yalishika udongo vizuri, lakini yaliharibu barabara na kumtikisa dereva kutwa nzima. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani, ikishirikiana na Firestone, ilianza kuuza trekta la Model U lenye tairi za upepo. Katika majaribio walitumia tairi za ndege. Wakulima waliona shaka, basi mwaka 1933 kampuni ikamleta dereva wa mashindano, Barney Oldfield, akaliendesha trekta hilo kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Lakini mbio si kulima. Tairi ya mpira ilikuwa nyepesi kuliko gurudumu la chuma, na katika matope iliteleza. Njia moja ilikuwa kufunga vyuma vizito kwenye magurudumu. Vyuma vina bei. Njia nyingine ilikuwa maji, maana tairi ni chombo kitupu ambacho tayari kiko mahali uzito unapohitajika.

Katika nchi za baridi maji huganda, kwa hiyo walichanganya na chumvi ya kalsiamu. Chumvi hiyo inazuia barafu na inaongeza uzito, lakini ikivuja inakula chuma cha gurudumu. Bunia iko karibu na ikweta na barafu hatuijui. Kwetu maji matupu yanatosha.

Ferguson na trekta jepesi

Si wote waliokubali kwamba nguvu ni uzito. Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini, alipewa kazi wakati wa Vita Kuu ya kwanza ya kusaidia wakulima kutumia matrekta vizuri. Aliona mashine nzito zikizama na kukandamiza udongo. Akabuni mikono mitatu ya kushika plau, inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, ili mzigo wa plau wenyewe ukandamize magurudumu ya nyuma wakati wa kulima. Kazi ikiisha, mzigo unaondoka.

Trekta lake la TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, lilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo tu. Hadi mwaka 1956 yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Karibu matrekta yote ya leo yana mikono hiyo mitatu. Hata hivyo, mahali penye utelezi, wenye matrekta mepesi waliendelea kutia maji.

Kongwa: uzito bila kujua udongo

Mwaka huohuo wa 1946, serikali ya Uingereza ilitafuta mafuta ya kupikia baada ya vita. Wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, wakapendekeza kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, karibu na Dodoma.

Mashine mpya zilikuwa adimu. Walinunua matrekta yaliyobaki vitani huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechoka. Kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Mashine mbili zilifungwa mnyororo wa nanga ya meli ili kung'oa vichaka. Kwa uzito na nguvu, Afrika Mashariki haikuwahi kuona mfano wake.

Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000. Zilizopandwa karanga ni kama 7,500. Mizizi ilivunja plau, mchanga mkali ulikula vyuma, mvua haikutabirika. Kiangazi kilipofika, udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikakwama ndani. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilifika pauni milioni 36 hivi. Kongwa hapakukosekana uzito. Palikosekana kuujua udongo kabla ya kuingiza mashine.

Mkulima wa Ituri afanyeje?

Kwanza, apime. Weka alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma. Trekta litembee shambani bila kulima mpaka tairi izunguke mara kumi, kisha upime umbali. Rudia ukiwa unalima. Kama bila plau lilikwenda mita 20, na likilima linakwenda mita 17 au 18, uzito unafaa. Likienda chini ya 17, linateleza, ongeza uzito. Likikaribia 20, ni zito kupita kiasi, na mazutu inapotea kwa kubeba mzigo wa bure.

Pili, ajue kiasi. Tairi ya nyuma ya 12.4-28, ikijazwa robo tatu, inachukua karibu litri 155, yaani kama bidoni 8 za litri 20. Tairi mbili ni kilo 300 na zaidi. Tairi ndogo ya trekta la bustani, kama 23x10.50-12, inachukua litri 35 hivi. Tairi mbili ni sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya ekseli.

Tatu, fundi ainue gurudumu kwa jeki, valvu iwe juu kabisa, atoe sindano ya valvu na kuingiza maji kwa mpira, akiachia upepo utoke mara kwa mara. Maji yakifika usawa wa valvu, aache, kisha atie upepo. Nafasi hiyo ya upepo lazima ibaki, maana ndiyo inayoifanya tairi ilainike juu ya mawe.

Nne, asisahau vilima. Maji hukaa chini ya tairi, kwa hiyo trekta linasimama imara zaidi kwenye mteremko. Lakini trekta zito likipita kwenye udongo uliolowa, linaushindilia. Mvua ikinyesha, maji hayaingii tena ardhini, yanateremka na udongo mzuri. Kwenye miteremko ya Djugu na Mahagi hasara hiyo hairudishwi kwa msimu mmoja. Subiri udongo ukauke kidogo, na msimu wa plau ukiisha, punguza maji.

Vyama vya ushirika vinavyotaka kuomba au kununua trekta kubwa zaidi vingefanya vizuri kwanza kupima lile walilo nalo kwa chaki na bidoni. Huenda nguvu wanayoitafuta tayari imo ndani ya mota, ila tairi haijapata uzito wa kuishika ardhi.